Sauti Ndani ya Gundi Nyeusi

Transista ilikuwa na joto kabla haijapewa umeme, na hapo hapo Fundi angepaswa kuitupa. Lakini ukipenda, chongo huita kengeza. Aliichomoa kwenye redio mbovu iliyokaa darini kwa mtu miaka mingi, moja ya zile za kizamani zenye kofia ya bati, na alikuwa ameisaka sana ya namna hiyo. Alitaka kutengeneza kwa mkono wake pedali ya gitaa, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti, yenye mkwaruzo wa zamani, ule unaofanya uzi mmoja ulie kama mtu aliyeumia koo. Akaishika kiganjani, ikampa joto la kwapa.

"Bado ina uhai hii," akasema, akacheka.

Mkewe hakucheka. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, kazi yake kuimba tangu asubuhi, na Fundi alimwita Mwalimu hata chumbani.

"Inanuka," alisema kutoka mlangoni mwa karakana.

"Lehemu hiyo."

"Lehemu naijua, mume wangu. Hii ni harufu ya nywele zilizoungua."

Fundi akaiunga kwenye pedali hivyo hivyo. Gitaa lake la majaribio lilikuwa na sumaku zilizolegea. Ukiongea karibu na nyuzi, spika inakudaka. Mwalimu, kwa utani tu, aliinama akaziimbia nyuzi ule wimbo wa watoto wa kunawa mikono. Spika ikaurudisha mzito, mtamu, umekwaruzika vizuri mpaka Fundi akasisimka mwili.

"Ndiyo yenyewe!" akapiga kelele. "Usiguse kitu!"

Sasa, mafundi wa pedali wana wivu kuliko wake wenza. Wakipata sauti nzuri huimwagia saketi gundi nyeusi inayoganda kama jiwe, ili mwenzao akifungua kasha asione kilichomo. Fundi wetu alimwaga kopo zima, akalala usingizi wa mshindi.

Asubuhi Mwalimu aliamka koo limemkauka. Mafua, wakasema. Akanywa maji ya moto na asali, akaenda kwa daktari, daktari akamulika na kuona koo zima kabisa. Na kila Fundi alipoijaribu pedali, nayo ikazidi utamu, sauti ya mkewe ilizidi kufifia. Siku moja alirudi kutoka shule mapema, macho yamevimba.

"Nimefungua kinywa, imetoka hewa," alinong'ona. "Watoto wamecheka, halafu wakaogopa. Nitafundishaje mimi?"

Fundi aliumia, kwani alimpenda. Alikuwa bado anatafuta la kumwambia, mchana kweupe, pedali imechomolewa na betri iko mezani, aliposikia kutoka karakana wimbo wa kunawa mikono ukiimbwa polepole, kwa sauti ya mkewe, ile ya zamani, ya kabla koo halijakauka, na harufu ya nywele ikapita chini ya mlango ikamjaa puani, naye akageuka kumtazama Mwalimu aliyekaa mbele yake, midomo imefumbwa, mikono yote miwili imeshika shingo, akitetemeka kila wimbo ulipopanda.

Dada yake Mwalimu ndiye aliyeleta mganga. "Shemeji, hapa daktari ameshashindwa," alisema. Mganga alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka zake. Aliigusa pedali, akaurudisha mkono upesi.

"Jini huyu hana sauti yake, huazima," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa kwenye redio. Kitoe hicho kidude alichokalia, kizima, bila ufa, nikiweke kooni kwa mkeo. Kikipasuka, na sauti imekwenda."

Fundi akafungua kasha. Mganga akachungulia lile bonge jeusi.

"Nani kafukia hivi?"

"Mimi, mama."

"Ili iweje?"

"Ili watu wasiniige."

Mganga alimtazama kwa huruma iliyochanganyika na hasira. "Basi mlango umemfungia wewe mwenyewe. Chimbua taratibu. Atakusemesha. Usimjibu."

Fundi hakuweza kutumia moto, kwani transista za aina ile huuawa na joto. Akachukua sindano, akaanza kukwangua gundi chembe kwa chembe, Mwalimu kando yake amemshika bega, mpaka kofia ya bati ikaanza kung'aa kidogo chini ya weusi. Ndipo spika, ambayo haikuwa na waya wowote, ikavuta pumzi.

"Acha, mume wangu. Unaniumiza."

Fundi akasimamisha sindano. "Mwalimu? Ni wewe?"

"Ndiyo mimi. Niko huku. Ukiendelea nitakufa."

Mwalimu alimtikisa bega, akatikisa kichwa kwa nguvu, machozi yakiruka, kinywa kikiunda maneno yasiyotoka: si mimi, si mimi. Akamkamata mkono wenye sindano, akausukuma kwenye gundi. Lakini sauti ilikuwa yake, na Fundi alikuwa ameikosa mno.

Akaiweka sindano chini, akasogeza kiti karibu na spika.

"Sema tena," akaiambia.