Dirisha la Nyuma

Kaka wa damu kabisa ndiye aliyemfanyia hivi rafiki yangu Fumiyo. Tetsuo alimuuzia kigari chake cha familia, kinachonusa mafuta tu, madirisha ya kuzungusha kwa mkono. "Nimekipeleka hekaluni kikaombewa, mdogo wangu. Endesha bila wasiwasi."

Akienda kumpelekea mama yao mchele, Fumiyo aliingia handaki refu lisilo na taa. Nyuma yake akasikia kre, kre, kre. Upepo baridi ukampiga shingoni. Siti ya nyuma ilikuwa tupu, dirisha limeshuka lote.

Alipotoka handakini akaegesha, akapiga simu. "Kaka, si ulisema kimeombewa?"

Tetsuo akajibu, "Mara tatu. Wewe usilifunge tu hilo dirisha mpaka atoke."

Fumiyo alikuwa ameshalifunga.