Hashuki Mtu

Chumba kilikuwa kimefungwa tangu asubuhi, lakini ndani yake vijiko vilikuwa vikigongana.

Kilikuwa chumba cha abiria cha meli ya angani, yale maputo makubwa ya gesi yaliyovusha watu bahari zamani, wakila na kulala humo kama hotelini, mpaka moto ulipowatia watu hofu nayo. Hicho kilinusurika meli yake ilipoungua. Mwaka 2006 Saif, ambaye wafanyakazi wake walimwita arbab, yaani bosi, alikileta Dubai kwa maonyesho, akakiweka ghalani karibu na uwanja wa ndege.

Teresiah, mlinzi kutoka Kitale, alimsihi Cissy, Mganda aliyesafisha hapo, asiingie. Cissy akajibu kwamba vumbi halingojei mtu, akaingia. Mlango ukajifunga.

Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa ghala. Sulaiman, dereva wa foklifti, akaja mbio, na wote wakaona, mchana kweupe, kile chumba kikinyanyuka sakafuni polepole, bila mlio, kamba zake za kale zikining'inia, na dirishani uso wa Cissy ukitazama chini kama mtu aonaye bahari mbali sana, na nyuma yake kivuli chenye kofia ya nahodha kikimwekea mkono begani, kisha sauti kavu, kama karatasi inayoshika moto, ikasema:

"Hashuki mtu."

Sulaiman alinong'ona kwamba hilo ni jini. Saif, aliyekuwa getini, akawaambia watoke, khalas, yamekwisha, wafunge. Teresiah hakutoka. Alikumbuka Saif mwenyewe akiwasimulia kwamba meli zile hazikutua zenyewe. Watu wa chini walidaka kamba wakazivuta. Akadaka moja. Sulaiman akadaka nyingine huku akisoma Ayatul Kursiy, Teresiah akimwita Yesu, na kamba zikiwachoma viganja.

"Huyu hakukata tiketi," Teresiah alisema, bila kupaza sauti. "Anashuka."

Walivuta mpaka chumba kikagonga sakafu. Cissy akatoka kwa miguu yake, nyusi zimeungua, akaomba maji.

Saif alimruhusu asikanyage humo tena. Kesho yake Cissy aliegemeza mlango kwa tofali, akaingia na ufagio. Kiti kimoja kikajivuta nyuma, taratibu, kama kinachopokea mgeni. Cissy akakisogelea.

"Kaa ukitaka," alisema. "Ila miguu uinue. Nafagia."

Akapitisha ufagio chini ya kiti.