Gari la Wagonjwa Sebuleni kwa Abdulshakur

Tope lilionekana getini saa saba mchana, nalo lilikuwa bichi. Kagongwa haikuwa imeona mvua tangu Mei, na huo ulikuwa mwisho wa Septemba, wakati ambao hata mbuzi wanakohoa vumbi. Samia aliinama, akaligusa kwa kidole, akanusa. Lilinuka baruti, na maji yaliyokaa chini ya ardhi bila kuona jua. Juu yake kulikuwa na nyayo, nyayo nyingi, zote zimeelekea ndani, na hakuna hata moja iliyokuwa imevuka geti.

Akaenda kumwambia mumewe. Mumewe alikuwa na shughuli kubwa zaidi.

Abdulshakur alikuwa mfanyabiashara wa kamba, pampu za maji na magogo, vitu wanavyovihitaji wenye maduara, yale mashimo ya dhahabu kuanzia huku Kahama mpaka Geita. Biashara ilikuwa imemnenepesha mwili na majivuno kwa pamoja. Hakuwahi kulala kambini hata usiku mmoja maishani mwake, lakini kabati la sebuleni lilijaa vigari vya kijeshi arobaini na moja, vya kuunganisha kwa gundi, kila kimoja ukubwa wa nusu mkate. Mgeni aliyekuja kutoa pole ya msiba aliketishwa mbele ya kabati hilo akahubiriwa habari za vifaru. Kulikuwa pia na kundi la WhatsApp la wapenzi wa vigari hivyo Kanda ya Ziwa, watu ishirini na watatu, na yeye ndiye admini. Mwenzake akibandika nyota juu kidogo ya pale inapotakiwa, Abdulshakur alimkaripia mbele ya wote utadhani kaiba sadaka msikitini.

Tangu asubuhi siku hiyo alikuwa anamalizia gari la deraya lenye bunduki ya rashasha juu ya paa. Lilikuja na namba zake tu, bila mapambo. Lakini katika droo zilibaki stika za misalaba myekundu kwenye vibao vyeupe, mabaki ya gari la wagonjwa alilolikalia mwaka jana kwa makalio yake mwenyewe. Akaona nyekundu itapendeza. Ndiyo ilikuwa elimu yake yote, kwamba itapendeza. Akabandika msalaba ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na juu ya paa, pembeni kabisa ya mtutu, na sasa alikuwa anapiga vanishi.

“Baba Chausiku, kuna tope bichi getini,” Samia alisema.

“Mwagia maji.”

Mtu wa kujibu hivyo, utamwambia nini?

Jioni aliituma picha kwenye kundi. Wakasifu, maana hakuna aliyependa kukaripiwa. Mmoja tu alithubutu, mzee Luka wa Kolandoto, mstaafu wa kikosi cha tiba jeshini. Aliandika kwa adabu kwamba gari lenye bunduki juu halibebi alama ya tiba. Alama ile ni ahadi kwa majeruhi, na ahadi haiwekwi kwenye mtutu. Abdulshakur akamjibu kwamba mfagia wodi hana la kumfundisha, akamtoa kwenye kundi, akalala usingizi mzuri.

Kesho yake, jua lilipofika utosini, Samia alisikia kikohozi nyuma ya ukuta. Kikafuata kingine, kizito, cha mtu mwenye maji kifuani. Kikohozi cha namna hiyo alikuwa anakijua, kwa sababu alifanya kazi ya unesi zahanati miaka kumi na mmoja, kabla Abdulshakur hajaamua kuwa mke wa mtu wa hadhi yake hawezi kuosha vidonda vya watu. Akafungua mlango mdogo wa geti.

Walikuwa wamesimama barabarani, wachimbaji thelathini au zaidi, wamepakwa tope hadi kope, wengine na kipande cha kamba bado kiunoni, mmoja kifua kimebonyea upande kama debe lililokanyagwa, mwingine amebeba mguu wake ndani ya kiroba na kuukumbatia ili usidondoke, na jua lote lile la saa saba halikuwa limewapa kivuli hata mmoja, na magari yalipita katikati yao bila kupunguza mwendo, na wote, hata yule wa kiroba kwa mkono mmoja uliobaki, walikuwa wameinua mikono juu kama watu wanaojisalimisha. Hawakumtazama yeye. Walitazama dirisha la sebule, lilipokaa lile gari na bunduki yake imeelekezwa nje.

“Nesi,” mmoja alinong'ona. “Nesi, waambie wasipige.”

Samia alifunga mlango, akaketi chini pale pale na kulia.

Siku ya tatu walikuwa wamefika mia. Siku ya nne hakuweza kuwahesabu. Chakula kilimgeuka tope mdomoni, mikono yake ikaanza kunuka dawa ya vidonda ambayo hakuwa ameigusa miaka mingi, na kila jua likisimama ilimlazimu ashike nguzo ya baraza kwa nguvu ili miguu isimpeleke getini. Alikonda hadi pete ikamtoka kidoleni yenyewe. Abdulshakur mwenyewe sasa alikisikia kile kikohozi. Alijitia hamnazo, akaongeza sauti ya televisheni.

“Wananiita,” Samia alimwambia kwa sauti ya chini. “Baba Chausiku, naogopa. Siku moja nitawaitikia.”

Hapo ndipo aliitwa Nassibu, mganga wa Isaka, aliyejisifu kuwa huwavuta majini kwa masikio. Alikuja na ubani, kitabu na kikohozi cha kujipa ukubwa. Saa saba na dakika tano alichungulia nje ya geti. Saa saba na dakika sita alikuwa anatafuta viatu vyake.

“Hawa si majini,” alisema. “Jini huja kwa kupenda kwake. Hawa wameitwa. Mtafuteni anayejua sheria ya kile kilichowaita.” Akaondoka na viatu mkononi.

Abdulshakur hakumtafuta mtu. Ni Samia aliyesoma onyo la mzee Luka kwenye simu ya mumewe, akampigia, na mzee, kwa kuwa si kila mtu ana roho ndogo, alipanda basi kesho yake asubuhi.

“Shikamoo, mzee Luka.”

“Marahaba, mayu, mama yangu. Umekonda sana.” Akamtazama Abdulshakur, hakumpa mkono. Alikwenda dirishani moja kwa moja, akainama mbele ya lile gari kwa muda mrefu, kisha akachungulia getini, jua likiwa limeanza kuwa kali. Aliporudi alivua kofia.

“Hawa ni wa mashimoni,” alisema. “Waliofukiwa. Mtu akifukiwa anasikiliza jambo moja tu huko chini, kama gari la wagonjwa linakuja. Hawa halikuwafikia. Sasa wameiona alama, wameijia mbio kutoka huko kote, wamefika, wamekuta bunduki imewaelekea. Umewaita kwa mkono mmoja na kuwatisha kwa mwingine.”

“Mizimu ya wachimba kokoto,” Abdulshakur alisema, “inajua nini habari za alama za magari?”

“Inajua kuliko wewe.” Mzee hakupandisha sauti. “Nisikilize, maana hili ndilo nililofundishwa na sitalirudia. Mwenye bunduki hana alama, mwenye alama hana bunduki. Kwangua misalaba yote mitatu, leo. Litabaki gari la vita, halimwahidi mtu kitu, nao watarudi walikotoka. Ila usije ukaondoa bunduki ukaacha msalaba. Hapo litakuwa gari la wagonjwa la haki, na gari la wagonjwa halichagui majeruhi. Wote wataingia. Na wakiingia watahitaji nesi. Humu ndani nesi ni mmoja, na hawatakurudishia. Umenielewa?”

“Nimeelewa, mzee.”

“Mama Chausiku, na wewe umesikia?”

“Nimesikia,” Samia alisema, akamwangalia mumewe kwa macho ya mtu anayeomba maji.

Sikio la kufa halisikii dawa. Mzee alipokwenda kuwahi basi, Abdulshakur alichukua kiwembe akakaa mbele ya gari. Akagusa ukingo wa msalaba. Vanishi ilikuwa imekauka kama kioo. Kuukwangua kungechukua rangi yote ya ubavuni, na Jumapili kulikuwa na maonyesho Mwanza, na jina lake lilishaandikwa. Bunduki, kwa upande wake, ilishikwa na tone moja la gundi. Mtu huyu, ambaye mkewe alikuwa chumba cha pili akitetemeka kitandani mchana kweupe, alikaa akapima hasara ya rangi. Kisha akawaza kwamba gari la wagonjwa lililowekwa alama sawasawa, bila bunduki, huenda likawapendeza majaji zaidi. Akaivuta bunduki kwa vidole viwili. Ilitoka bila sauti.

“Umeondoa?” Samia aliuliza kutoka chumbani.

“Nimeondoa.”

“Alhamdulillahi,” alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku sita akalala.

Jumamosi, jua lilipokaribia utosini, hakukuwa na kikohozi. Samia alikuwa amekunywa uji bakuli zima na alikuwa akicheka na Chausiku, binti yao aliyeolewa Tabora, kwenye simu. Abdulshakur alikuwa sebuleni akilifunga gari lake kwa pamba tayari kwa safari. Geti likafunguka taratibu, komeo likajivuta lenyewe.

Waliingia bila fujo, mikono wameishusha, wakipishana kwa heshima ya watu waliozoea kupanga foleni, wenye miguu wakiwabeba wasio na miguu, tope likiwachuruzika kwenye kapeti na kwenye makochi, harufu ya baruti na maji mabovu ikijaza nyumba hadi puani kukawasha, wakalala chini safu kwa safu sebuleni, ukumbini, jikoni, hadi chini ya meza ya chakula, na waliokosa nafasi wakaketi barazani wakiegemeana, na nje ya geti wengine, na nyuma ya hao wengine, na wote walikuwa wakisema neno lile lile kwa sauti za chini sana, Nesi, Nesi, Nesi.

Simu ilimdondoka Samia mkononi. Alisimama mlangoni mwa sebule, akaliona gari ndani ya pamba, akauona msalaba.

“Uliniambia umeondoa.”

“Nimeondoa bunduki,” Abdulshakur alisema. “Mama Chausiku, sikiliza, ile rangi ingeharibika...”

Samia alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyejisaidia kisimani. Kisha uso wake ukatulia, hasira ikamtoka, hofu ikamtoka, na pamoja navyo kikamtoka kitu kingine ambacho Abdulshakur alikuja kukijutia peke yake. Alivuta shuka kabatini akalichana vipande. Akapiga magoti kwa yule wa kiroba.

Abdulshakur alikurupuka na kiwembe. Akakwangua msalaba kwa nguvu zote, rangi na heshima yake havikuwa na thamani tena, lakini kiwembe kilipita juu yake bila kuacha hata mchirizi. Akalipiga gari sakafuni, halikuvunjika. Akampigia mzee Luka.

“Wameshaingia, mzee. Msalaba hautoki!”

Mzee aliuliza jambo moja tu. “Wagonjwa wako ndani?”

“Wako ndani.”

“Basi hautatoka. Alama haiondolewi wagonjwa wakiwa ndani. Subiri watibiwe waishe.”

“Wako wangapi jumla?”

“Wewe ndiye uliyekuwa ukiwauzia kamba,” mzee alisema. “Wewe utajua.” Akakata simu.

Abdulshakur aliruka miili, akamfikia mkewe akamshika bega. Samia aligeuka. Macho yalikuwa yake, yale yale, lakini yalimpitia kichwani hadi miguuni yakitafuta jeraha.

“Umeumia wapi?”

“Samia, ni mimi. Mumeo.”

Hakuona jeraha. “Wazima wasubiri nje,” alisema kwa upole wa kazini, akarudi kwa mgonjwa wake.

Abdulshakur alitoka. Miguu ilimtoa yenyewe, na alipojaribu kurudi, mlango wake mwenyewe ulimkataa kama ukuta. Majirani walimkuta getini akipiga kelele. Wao waliona nyumba tupu, milango wazi, na mwanamke peke yake akipiga magoti sakafuni, akifunga vitambaa hewani. Waliojaribu kwenda kumchukua waliishia barazani, wakashindwa kusema kilichowazuia. Chausiku alikuja toka Tabora, akalia dirishani siku tatu, “Mama, ni mimi,” na mama yake akamjibu kila mara kwa upole ule ule kwamba wazima wasubiri nje.

Siku ya nane tangu waingie Abdulshakur akapata akili, nayo ilikuwa akili ya kwake, yaani njia ya mkato. Aliokota kipande cha chupa, akajikata kiganja, akanyoosha mkono unaovuja damu mlangoni.

“Nesi!” aliita. “Nesi, nimeumia!”

Na kweli Samia alikuja. Alisimama kizingitini, amekonda, mikono myekundu hadi kiwikoni. Akakishika kiganja chake, akakigeuza kwenye mwanga, na Abdulshakur akaanza kulia kwa furaha kwa sababu ya mkono ule kumgusa.

“Hiki ni kidogo,” Samia alisema. “Kaa kwenye foleni.”

Akaonyesha kwa kidole. Kwa kuwa sasa na yeye alikuwa majeruhi, Abdulshakur aliwaona wote. Walipanga mstari kutoka barazani hadi getini, wakavuka barabara, wakapita maghala ya mpunga na nyumba za mwisho za Kagongwa, wakafuata njia ya kwenda machimboni mpaka macho yalipoishiwa nguvu, na kule mbali kabisa, walipokuwa wadogo kama siafu, bado walikuwa wanajiunga. Aliyekuwa karibu naye akasogea kidogo kumpisha apite, aende nyuma.