Punje Mia za Mbegu ya Kumi na Nne

Kila asubuhi ya likizo, Kibiriti na shangazi yake walifanya kazi moja tu: kupima punje za mpunga. Kibiriti alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba na mwepesi wa kuwaka, ndiyo maana akaitwa hivyo. Shangazi alikuwa mtunzaji wa ghala la mbegu za asili. Punje moja hubanwa kwenye kipimo chenye taya mbili, husomwa urefu na upana, huandikwa daftarini. Halafu nyingine. Kila aina ya mbegu, punje mia moja.

Jamani, kazi hiyo ilichosha! Siku ya tano macho yalikuwa yanawasha, shingo zimekakamaa, na Shangazi alikuwa akipiga miayo bila hata kuziba mdomo.

"Shangazi, kwani mpunga si mpunga tu?"

"Ungekuwa mpunga tu, ningekuwa nyumbani nimenyoosha miguu. Haya, malizia mbegu ya kumi na nne, mimi nakwenda kupanga makopo."

Kibiriti alipima punje tatu. Ya nne ikamponyoka, ikapotelea chini ya meza. Uvumilivu ukamwishia. Akafungua ukurasa wa mbegu ya kumi na tatu, akanakili namba zake, akibadili moja moja huku na kule.

Mchana Shangazi alilinganisha kurasa hizo mbili. "Kumbe hizi ni mbegu ileile! Rangi moja, vipimo vilevile. Afadhali, tuzichanganye tupate kopo tupu."

Akafungua kopo la kumi na nne. Lilikuwa na konzi mbili tu za mbegu. Aliyeileta mbegu hiyo alikuwa mama mmoja mkulima ambaye shamba lake lilisombwa na mafuriko, na hakubakiwa na nyingine. Kibiriti alikuwepo siku ile mama huyo aliposema, "Nitunzieni, msimu ujao nitaifuata." Zikishachanganyika, nani atazitenganisha?

"Shangazi, usimwage!"

"Kuna nini tena?"

"Sikupima. Nimenakili. Nilichoka, Shangazi, nisamehe."

Shangazi akaweka kopo chini, akaketi. Hakufoka, hata nguvu za kufoka hakuwa nazo. Kibiriti alitamani afokewe yaishe.

"Vuta kiti," Shangazi akasema.

Wakapima upya punje zote mia, mmoja akisoma, mwingine akiandika. Zilikuwa fupi na nene kuliko za kumi na tatu. Tofauti ilikuwa ndogo, jicho peke yake lisingeiona, lakini ilijitokeza tena na tena. Kibiriti akafuta machozi kwa mkono wa gauni.

"Kuchoka si kosa, mwanangu. Hata mimi nimechoka," Shangazi alisema. "Ungeniambia, tungepumzika, mbegu zisingekimbia. Lakini uliandika usichokipima, nami nikakuamini, nusura nimpotezee yule mama mbegu yake kwa mikono yangu mwenyewe. Siku nyingine ukichoka, sema. Usidanganye."

"Nimekuelewa, Shangazi."

"Vizuri. Na msimu ujao akija, kopo lake utamkabidhi wewe."