Jiwe la Mkwe

Kwanza, hakukohoa. Shitanda, mkwe wa Priscah, alikuwa kijana wa adabu; akimwona mama mkwe njiani hukohoa kwa mbali ili mama apishe pembeni na kuinamisha uso. Heshima si utumwa, Priscah alizoea kumwambia bintiye Ayuma, na yeye mwenyewe hakuwahi kumtazama mkwewe machoni.

Ilikuwa alasiri, mwaka ule wa mvua za El Nino. Priscah alikuwa akimrudisha mjukuu wake Cindy kwa Ayuma baada ya kumwachisha ziwa. Kutoka Khayega alishapita kanisa na mti wa mukumu, akafika Jiwe la Mkwe. Wanasema zamani mwanamume alikwenda kumchukua mwanawe kwa wakwe, akanyimwa, akafia hapo mikono ikiwa wazi. Kwa hadithi hiyo Priscah amewatisha watoto wengi.

Akasikia hatua. Akaona gambuti za Shitanda, zile zenye kiraka chekundu, akapisha upesi, macho chini.

"Mama, hapa kunateleza. Weka mtoto chini nimbebe."

Sauti ilikuwa yake kabisa. Priscah akaanza kufungua leso mgongoni, na hapo ikampanda puani harufu ya kaburi lililochimbwa sasa hivi, akaona kwamba mvua inanyesha na tope limemfika yeye magotini, lakini zile gambuti ni kavu, kavu kama zimetoka dukani, na nyuma yazo njia nzima haina alama hata moja ya mguu.

Hakuinua uso. Alikimbia, leso ameikaza kwa mikono miwili, na aliogopa kuliko siku aliyomzika mumewe.

Kwa Ayuma alisimama uani, maana mama mkwe haingii nyumba ya mkwe. Ayuma akatokeza mlangoni akinyoosha mikono.

"Mumeo yuko wapi?" Priscah alinong'ona.

"Ako ndani, amefika saa hii. Mbona unatetemeka?"

Gambuti zilikuwa zimepangwa kizingitini, kiraka chekundu kikiangalia nje. Hazikuwa na tope.

"Ayuma, kuja hapa kwangu. Polepole."

"Mama, unaniogopesha."

"Mama," sauti ikaita kutoka ndani kwa upole, "leta mtoto."

Cindy akanyoosha mikono kuelekea mlangoni. Na nyuma yao, mbali kidogo, kwenye lango, mtu akakohoa kwa adabu.