Diski Isiyojaa

Diski ilikuwa ya moto kabla haijachomekwa kwenye umeme.

Mama Kasuku aliishika pale kwenye kaunta ya duka la kompyuta, akadhani labda imepigwa na jua, ingawa duka lilikuwa ndani kabisa ya jengo na jua halikuwa na njia ya kufika. Aliigeuza tu mkononi. Alikuwa mtu wa kusema kidogo, na mbele ya wauzaji alisema kidogo zaidi.

Mumewe alikuwa mpigapicha wa harusi, na kompyuta yake, iliyokaa kwenye pembe ya chumba chao cha kulala, ilikuwa imejaa pomoni. Kila ikiwashwa ilidai nafasi. Mume alikuwa amekwisha kumwambia, kwa sauti ya chini na bila kumtazama usoni, kwamba wasipopata diski kubwa itabidi baadhi ya vitu vya zamani vifutwe. Vitu vya zamani maana yake ilikuwa video za Kasuku.

Kasuku alikuwa mtoto wao wa kwanza. Walimwita hivyo kwa sababu alirudia kila alichosikia. Ukisema "funga mlango," naye anasema "funga mlango." Ukipiga chafya, naye anapiga. Homa ilimchukua kabla hajaanza shule. Sasa walikuwa na binti mchanga, lakini mtaa mzima bado ulimwita mama yake Mama Kasuku, naye hakutaka waache. Sauti ya yule mtoto ilikuwa imebaki kwenye kompyuta ile tu, kwingine hakuna.

Muuzaji, mtu wa maneno mengi, aliwawekea mbele diski mbili ndogo, mpya, bado ziko ndani ya maboksi. Aliwashauri wachukue zote mbili na kila kitu wakiweke mara mbili, moja ikifa nyingine ipo. "Diski ni kama mume, dada," alisema. "Haikwambii siku itakayokuacha." Mpigapicha alicheka. Mkewe alitabasamu akiangalia chini.

Lakini moyo wake ulikuwa kwa ile nyingine aliyoishika, nyeusi, iliyotolewa kwenye rafu ya mitumba. Ilikuwa kubwa kuliko hizo mbili kwa pamoja, na bei yake ilikuwa ya kutupa. Muuzaji alipoulizwa ina kasoro gani alikuna kichwa. Alieleza kwamba ameipima na ni nzima, ila watu wawili walishaichukua na wote waliirudisha bila hata kudai fedha zao.

"Walisema ina nini?" mpigapicha aliuliza.

"Hawakusema. Walisema tu hawaitaki nyumbani."

Mama Kasuku aliisogeza sikioni. Ndani mlikuwa na mvumo mdogo, kama pumzi ya mtoto aliyelala. Mtu mwingine angeirudisha rafuni palepale. Yeye alimgeukia mumewe, akamwambia, "Tuchukue hii. Hatutafuta kitu tena."

Mpigapicha alikuwa na mazoea yake ya kazi. Hakuwa mtu wa kunakili, alikuwa mtu wa kuhamisha. Akimaliza harusi hukata faili zote huku na kuzibandika kule, ili kompyuta ibaki nyepesi. Ndivyo alivyofanya na video za Kasuku. Mkewe alikaa nyuma yake, mtoto begani, akaziangalia zikiondoka moja moja. Zilipokwisha, mume akatazama nafasi iliyobaki kwenye diski. Akatazama tena.

"Imeongezeka," alisema. "Nimeweka vitu, nafasi imeongezeka."

Akajichekea, akasema mitumba ndivyo ilivyo, akachukua kamera akaenda kazini.

Mama Kasuku alimlaza binti kitandani na kuinama kumfunika. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo wakati sauti kutoka kwenye pembe iliposema, "Ngoja mama akufunike."

Ilikuwa sauti ya Kasuku. Maneno yalikuwa ya kwake yeye, yale aliyokuwa anataka kuyasema. Kompyuta ilikuwa imezimwa.

Angekimbia, lakini mama hakimbii sauti ya mwanawe. Alikaa sakafuni karibu na meza, akalia, akaongea nayo. Siku zilizofuata alizoea. Akitaka kusema "maji yamechemka," ile sauti ilimtangulia kidogo tu, naye akamalizia nyuma yake huku akitabasamu. Pamoja nayo ilikuja harufu ya dawa ya homa, ile ya maji, tamu, ya watoto. Chupa yake ya mwisho alikuwa ameitupa mwenyewe siku ya mazishi.

Kisha alianza kuona mambo. Binti yake, akiitwa, hakumgeukia mama. Aligeukia pembe. Na ile sauti haikumtangulia tena kwa pumzi moja. Iliweza kusema neno asubuhi, akasahau, na jioni akajikuta analisema yeye, neno kwa neno, mdomo ukitangulia akili. Alijaribu kushindana nayo. Hakuna alichokisikia ambacho hatimaye hakukisema.

Basi mchana mmoja, mume akiwa kazini na mtoto amelala, wakati akikunja nguo na harufu ile ya dawa ikianza kutambaa kutoka chini ya kitanda na kupanda polepole mpaka ikamjaa kooni, taa ya diski ikawaka yenyewe, ikazimika, ikawaka tena, ingawa waya wake ulikuwa umechomolewa na kuviringishwa juu ya meza, na sauti ile aliyoizaa na kuinyonyesha ikasema taratibu, kama mtoto anayekariri somo:

"Mwanangu hapumui."

Aliruka kitandani. Binti alikuwa anapumua vizuri, jasho jembamba puani. Lakini mama hakuthubutu kushukuru. Alijua maneno yale sasa yalikuwa yanamngoja yeye.

Mumewe aliporudi alimnong'oneza yote. Mume hakubisha. "Mimi nikiwa bado mlangoni inasema 'umerudi' kabla yako," alisema kwa sauti ndogo. "Nilinyamaza kwa kuwa niliona imekurudishia furaha."

Wakamwita mkunga mstaafu wa mtaa, ambaye watu walimjua pia kwa kutoa majini. Alifika, akasimama mlangoni, akavuta hewa puani.

"Jini hili halina sauti yake lenyewe," alisema. "Mmelivisha ya marehemu. Nalo halitoki uchi, wanangu. Litatoka na vazi lake lote."

Mama Kasuku aliuliza, kwa shida, kama hakiwezi kubaki hata kipande kidogo.

"Hata kicheko kisibaki. Kuna kilichobaki mahali?"

Asubuhi ile, kabla mkunga hajafika, Mama Kasuku alikuwa ameichomeka diski kwa mara ya mwisho na kunakili kwenye simu yake video fupi ya Kasuku akicheka. Ilikuwa fupi mno. Alitikisa kichwa, hapana. Alikuwa mtu wa kusema kidogo.

Mkunga aliisomea dua ndefu diski ile, akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi. Maji yalitokota bila moto. Sauti ililia, ikaita mama, mama, mpaka mpigapicha akaziba masikio. Kisha ikanyamaza. Mume akaivunja kwa nyundo akaenda kuifukia mbali, na aliporudi alikuwa amepitia dukani, na zile diski mbili mpya mkononi. Aliziweka mezani. Hakukuwa na video ya Kasuku ya kuweka ndani yake.

Nyumba ikatulia. Binti akaanza tena kumgeukia mama yake.

Jioni moja Mama Kasuku alikuwa anambembeleza begani, simu ikiwa imezimwa mfukoni mwa gauni. Mtoto alilala, akawa mzito. Ndipo harufu ya dawa ilipomfikia, tamu, na simu ikawa ya moto pajani pake. Haraka akajiziba mdomo kwa mkono, akakaza, ili neno lisipate pa kutokea.

Mfukoni Kasuku alicheka kile kicheko kifupi. Kisha akasema yale maneno mawili.

Na chini ya kiganja, midomo ya mama ikaanza kurudia.