Aliyekaa Nyuma ya Abdullatif

Kwa Thuraya ilianza Jumanne, tarehe nane Novemba 1977, saa kumi na moja na dakika ishirini za jioni, jua likigusa vilele vya milima nyuma ya Ibra. Alikuwa anakwenda kwa mke wa jirani yao Khalaf, ng'ambo ya wadi, ule mto wa msimu, kumrejeshea dele lake la kahawa. Wadi ilikuwa kavu. Changarawe tupu kutoka ukingo hadi ukingo.

Akasikia muungurumo.

Pikipiki ile aliijua kwa sikio. Ilikuwa gia ya tatu... ikapanda ya nne, pale pale ambapo mtu mwenye akili zake hushuka ya pili.

"Punguza," alinong'ona peke yake. "Abdullatif, punguza."

Haikupunguzwa. Ilitokeza juu ya ukingo bila taa, ikateremka, tairi la nyuma likateleza kidogo kisha likatulia, ikapenya baina ya majabali mawili yaliyoachana upana wa mlango, ikapanda ng'ambo ya pili. Mguu haukugusa chini. Breki haikubinywa hata mara moja. Tangu afike Oman, Thuraya alikuwa hajaona uendeshaji mzuri kama ule, na kosa moja tu lingetosha kumfanya mjane.

Na nyuma ya mumewe alikaa mwanamke.

Kanga nyekundu. Uso haukuonekana. Hakumshika Abdullatif kiunoni kama abiria wanavyofanya. Mikono yake ilipita chini ya makwapa ya mwanamume, ikaenda mbele mpaka kwenye usukani, ikakaa juu ya mikono yake.

Kilichompanda Thuraya kwanza hakikuwa hofu. Kilikuwa wivu, wa moto, hata akasahau dele aliloshika.

Maana mahali pale palikuwa pake. Si kiti cha nyuma. Usukani.

Alikulia Dar es Salaam, na akiwa na miaka kumi na saba hapakuwa na kijana mtaani kwao aliyemshinda kwa vespa ya baba yake. Familia iliporudi Oman, vespa ilibaki, na ujuzi nao ukawa kama umebaki, kwani Ibra mwanamke hapandi chombo kile. Alipoolewa na Abdullatif, Mzanzibari mpole aliyeajiriwa kupeleka dawa kwenye zahanati za njia ya Samad Ash Shan, ofisi ikampa bwana huyo pikipiki asiyoijua. Thuraya ndiye aliyemfundisha. Ndani, juu ya mkeka, mlango umefungwa, mchi wa kinu ukiwa ndio usukani. Punguza kabla ya kona, si ndani ya kona. Kwenye changarawe usiiguse breki ya mbele. Usitazame jiwe unaloliogopa, tazama unakotaka kupita, kwani pikipiki hufuata jicho.

Abdullatif akajifunza. Akawa hodari. Wanaume wakaja kunywa kahawa na kumsifu, na Thuraya akiwa nyuma ya pazia na sinia la tende alimsikia Khalaf akisema kuwa huyu amezaliwa juu ya pikipiki, mashaallah, labda mama yake alimnyonyeshea barabarani. Wote wakacheka. Wote wakaitikia mashaallah, neno la kuzuia husuda. Abdullatif alicheka nao, wala hakusema nani aliyemfundisha.

Nyuma ya pazia, Thuraya hakuitikia kitu.

Aliporudi nyumbani jioni ile, pikipiki ilikuwa uani. Abdullatif alikaa kwenye kizingiti, peke yake, kofia mkononi.

Thuraya hakumwuliza hali. Alimwuliza ni nani yule, mtoto wa nani, amemshusha wapi. Abdullatif akaapa hakubeba mtu. Thuraya akaenda kwenye kiti cha nyuma, akainama, akanusa.

Mafuta ya nazi. Na asumini.

Tena springi za nyuma zilikuwa zimelala. Zimebonyea, kama kuna mtu bado amekaa.

"Umemwona?" Abdullatif aliuliza kwa sauti ndogo. Na usoni mwake, badala ya aibu, mkewe aliona kitu kama faraja. "Wallahi, nilidhani akili yangu imeruka."

Akamweleza. Jambo hili lilianza baada ya ile kahawa na kina Khalaf. Kila jioni, akiwa anarudi, baada ya kona ya mwisho kabla ya wadi, pikipiki huwa nzito nyuma. Kisha mgongo unapata baridi. Kisha ile mikono... Akitaka kupunguza, inakaza. Akitaka breki, vidole havimtii.

"Mwendo ule si wangu, Thuraya. Mimi ule siuwezi."

Leo taa ya gari ilimjia ana kwa ana kwenye ile kona. Walipita baina ya gari na ukingo. Kesho, akasema, hajui.

Mama yake Abdullatif, Bi Turkiya, mwanamke wa Pemba aliyekuwa hafichi neno, alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa keshajua. Juzi alifanya kama watu wa huku wanavyofanya mtu anapopatwa na jicho la husuda: aliwakaribisha majirani tende na kahawa, walipoondoka akakusanya kokwa walizotema na vikombe walivyonywea, akavisuza, maji yale akamnywesha mwanawe. Mwenye husuda hata usipomjua, mate yake yatakuwamo, nayo ndiyo dawa.

"Nikakusanya za kila mtu," Bi Turkiya alisema. "Za mke wa Khalaf, ambaye kwa roho ile ningemwekea dhamana. Na haikusaidia."

Walikula tende, watatu, sahani moja ya kokwa kwa kila mmoja. Bi Turkiya alikuwa akimtazama mkwewe.

"Jicho la mbali lingemwangusha siku ya kwanza, likaisha," alisema taratibu. "Hili halitaki aanguke. Hili linataka kuendesha. Linalala humu humu ndani."

Thuraya alijibu kuwa anakwenda kuswali.

Chumbani akawasha taa ya kandili, akafungua mikono yake. Siku zote hizi alidhani maumivu ya viganja ni ya mchi wa kinu. Kwenye kiganja cha kulia, chini ya vidole, palikuwa na malengelenge. Baina ya malengelenge palikuwa na weusi. Akaunusa.

Mpira wa usukani.

Akakumbuka usingizi. Tangu siku ya ile kahawa, kila alasiri humshukia usingizi mzito, akaota upepo, njia nyeupe, meno yakipata vumbi. Leo peke yake hakulala, kwa sababu ya dele la watu. Lakini pale ukingoni, wakati pikipiki inapenya majabali, kifundo cha mkono wake wa kulia kilijipinda chenyewe... kwenda chini, kama mtu anayeongeza mafuta.

Akafungua sanduku la mahari. Kanga nyekundu ilikuwa mahali pake, imekunjwa vile vile, na kufuli halikuguswa. Akaikunjua.

Pindo lote lilikuwa vumbi jeupe la wadi. Na miiba.

Alikaa sakafuni nayo mapajani. Alijua la kufanya, halikuwa gumu: kokwa zake mwenyewe, kikombe chake mwenyewe. Mume angepona. Hapo ndipo aliposhikwa na kitu asichoweza kumwambia mtu. Alikumbuka gia ya nne kwenye changarawe. Alikumbuka kwamba breki haikuguswa.

Asubuhi, kabla Bi Turkiya hajatoka, Thuraya alichukua sahani yake ya jana, akaziosha kokwa zake pamoja na kikombe, akayachanganya maji yale na kahawa. Abdullatif aliyanywa amesimama, karibu na pikipiki. Aliyanywa yote. Hakuuliza, ila alimtazama mkewe muda mrefu kidogo, kisha akasema kwa sauti nyepesi, kana kwamba ni mzaha, kuwa mkewe peke yake ndiye hajamsifia.

"Unaendesha vizuri," Thuraya alisema. "Mashaallah."

Abdullatif akapanda. Springi za nyuma zilikuwa juu. Kiti kilikuwa kitupu. Alitoka uani polepole, akapunguza kabla ya kona, kama alivyofundishwa, na hapakuwa na mtu nyuma yake.

Thuraya alibaki mlangoni hadi muungurumo ukapotelea upande wa wadi. Neno lile alilitamka vizuri, hakuna aliyesikia kasoro. Ila shavu lake la kushoto lilikuwa limetuna kidogo, kwa sababu kokwa moja hakuiosha. Alikuwa ameitia mdomoni tangu alfajiri, na ulimi wake ulikuwa ukiizungusha... taratibu... kwenda chini, kama mkono unaoongeza mafuta.